Watoto Saba wa Ukutani

Mwanangu mkubwa alimng'oa mdogo wake jino kwa ngumi moja, mchana kweupe, mbele yangu mimi niliyewazaa wote wawili, kwa ajili ya mguu wa kiumbe ambaye hakuna kati yetu aliyewahi kumwona. Jino lilinidondokea mapajani, katikati ya kokoto. Nikaliokota, nikalifunga kwenye pindo la nguo yangu.

Lakini hapo nimeushika mkia. Ngoja nirudi kichwani.

Tegueni kwanza hiki. Nina watoto saba, kila mmoja na chumba chake ukutani. Nikiwaamsha hulia kwa zamu. Anayelia simwogopi, namwogopa aliyenyamaza. Msijisumbue, leo sitaki mji wa mtu, jibu nawapa bure: ni baruti.

Mimi ni mpasua kokoto. Kazi yangu ni nyundo, jiwe na mapaja yangu mwenyewe. Mlima wetu tumeula kama mkate, kipande kwa kipande, mpaka umebaki ukuta mmoja mrefu. Wanaume hutoboa matundu kwenye ukuta huo, kwa kawaida saba. Fundi baruti hujaza kila tundu, huchomeka utambi, kisha huzikata tambi hizo kwa urefu unaopishana: wa kwanza mfupi, wa pili unauzidi kwa kiganja, wa tatu kwa viganja viwili, hivyo hivyo hadi wa saba. Akishawasha, baruti hulia moja baada ya nyingine. Zikilia pamoja, nani atahesabu?

Na mhesabuji ni mimi. Karibu na ninapokaa kuna nguzo yenye kipande cha reli kinachoning'inia. Nikikipiga mara tatu, kila mtu anakimbia kujificha. Mimi najibanza nyuma ya jabali lililo mbele ya nguzo, na kokoto saba kwenye paja la kushoto. Kila mlio, kokoto moja inahamia kulia. Kushoto kukibaki kutupu, nasubiri moshi utue, napiga reli mara moja: rudini kazini. Kushoto ikibaki hata moja, sipigi, hata aje mfalme na ngoma zake. Hakuna anayekanyaga mle mpaka kesho yake.

Kazi hiyo niliiomba mwenyewe. Marehemu mume wangu alikuwa fundi baruti, na aliyekuwa akihesabu siku zile alipenda soga kuliko kazi. Siku moja akahesabu mwangwi akidhani ni mlio. Akapiga reli, mume wangu akaingia. Tulimzika na buti moja, la pili halikuonekana mpaka leo. Niliapa siku hiyo: kwa hesabu yangu mimi, hatazikwa mtu. Miaka ishirini na mmoja nikakaa na kiapo changu.

Wanangu ni wawili. Mkubwa alirithi kazi ya baba yake, na machimbo yote yalimwita Radi. Mdogo alisoma mpaka akawa mwalimu wa sayansi kwenye shule ya sekondari iliyo juu ya barabara, kwa hiyo akaitwa Mwalimu, hata na mimi. Aliyemsomesha ni Radi, kwa jasho lake na malengelenge ya viganja vyake. Walipokuwa wadogo nilikuwa nawategea vitendawili wakati wa kula. Mwalimu akishindwa alikuwa anasema, "Haya mama, chukua mji, ila nieleze kwa nini." Radi hakutoa mji hata siku moja. Alikuwa radhi chakula kipoe.

Radi alikuwa mtu wa Mungu, tena wa kweli, si wa kujionyesha. Kila asubuhi kabla hajagusa baruti alifungua Kitabu na kukisoma kwa kidole, mstari kwa mstari. Mgonjwa asiye na wa kumbeba, Radi alimbeba mgongoni. Lakini kwake neno lilikuwa kama utambi: linaanzia hapa, linaishia pale, halina kona. "Kilichoandikwa kimeandikwa, mama," alikuwa akisema. Na mimi nasali, msinielewe vibaya. Nilikuwa naitikia amina.

Basi asubuhi hiyo watoto saba walilia vizuri, nikapiga reli, wanaume wakaingia. Mara nyundo zote zikanyamaza. Nilijikokota kwenda kuona. Ndani ya ukuta, umesimama wima kama mtu aliyebanwa mlangoni, kulikuwa na mfupa. Rangi yake chai iliyolala. Urefu wake ulimzidi Radi, na Radi si mfupi.

Radi alivua kofia ngumu akapiga magoti kwenye vumbi.

"Mguu," alisema. "Mama, ni mguu wa jitu. Yale majitu ya kabla ya Gharika. Yameandikwa! Nimeyasoma maisha yangu yote, leo nimeliona moja."

Wanaume wakavua kofia. Na mimi nywele zilinisimama.

Mchana, mimi nikiwa nimehamishia kokoto zangu karibu na mfupa, Mwalimu akaja kutoka shuleni, chaki bado iko mikononi. Akaukagua mfupa kwa lenzi yake ya mkononi, juu, chini, pembeni. Halafu, mbele za watu wote, akatoa ulimi akaulamba.

"We Mwalimu!" msimamizi wa machimbo akapiga kelele. "Kwani shuleni hamli?"

Watu wakaangua kicheko. Mwalimu naye akacheka. "Mfupa wa kale unashika ulimi, jiwe halishiki. Huu ni mfupa kweli, kaka, hongera, umepata kitu kikubwa. Ila si wa mtu. Goti la mtu halikai hivi. Huyu alikuwa mnyama, na ninadhani tukichimba tutakuta na mkia. Ona ukuta ulivyo: tope, mchanga, tope, mchanga. Alizama kwenye tope kabla hajazaliwa mtu wa kwanza."

"Kabla kwa miaka mingapi?" Radi akauliza, taratibu.

"Mamilioni."

"Dunia iliumbwa kwa siku sita."

"Siku za nani, kaka? Jua lenyewe liliwekwa siku ya nne. Zile tatu za mwanzo zilipimwa kwa saa ya nani?"

Watu wakacheka tena. Ningekuwa na uwezo ningekizoa kile kicheko nikakirudisha vinywani mwao, maana ndicho kilichopiga ngumi ile. Radi angestahimili kubishiwa. Kuchekwa, tena mbele ya mguu ule, hakuweza. Nikasikia tu *ko!* Jino likaja mapajani mwangu.

"Nilikusomesha mimi!" Radi alikuwa amemshika ukosi. "Nimebeba mawe nikusomeshe, uje kulamba kazi ya Mungu kama mbwa?"

Mwalimu alitema damu pembeni. "Ulinisomesha nijue. Nimejua, unanipiga. Sasa ulitaka nini?"

Mkono ukapanda tena. Nikajitia katikati na nyundo yangu ya kokoto. "Atakayeongeza la pili, nyundo hii haijui mkubwa wala mdogo. Nimewazaa kwa uchungu, mnauana kwa mguu? Tena mguu mmoja?"

Wakaachana siku hiyo.

Lakini watu walianza kumiminika. Wakawaleta wagonjwa wao waguse mguu wa jitu. Upande ule wa ukuta kazi ikasimama, na Radi akawa anapanda juu ya jiwe kila siku saa sita kuhubiri. Aliyesema "labda ni mnyama" alipigwa makofi. Mmoja wa watobozi alivunjiwa mlango kwa sababu alicheka usingizini, wakadhani anacheka jitu.

Mwalimu naye akawaandikia barua wataalamu wa mifupa ya kale. Wakamjibu: tunakuja Alhamisi, msiuguse. Kosa lake ni moja, aliisoma barua hiyo kwa sauti mbele ya wanafunzi asubuhi ya Jumanne. Wanafunzi wana midomo na mama zao wana masikio. Haikufika saa nne, watu kama arobaini walikuwa wanapanda barabara ya shule na mipini na mitaimbo.

Nilikimbia na magoti yangu haya. Nilipofika walikuwa wameshamtoa darasani kwa kumvuta tai kama kamba ya mbuzi. Ubaoni kulikuwa na picha yake ya chaki, tope, mchanga, tope, mchanga, na damu ilikuwa imeruka ikaweka tabaka lake la tano. Walimchapa kwa rula ndefu ya ubaoni mpaka ikavunjika, ndipo wakaanza mateke. Nilisikia mbavu. Na nilimwona, sitasahau, mkunga wetu, mama wa watu mpole, aliyempokea mtoto huyu siku anazaliwa akamfuta uso kwa kidole chake. Mkono ule ule ulikuwa umeshika kiatu na unampiga nacho usoni.

Nikajilaza juu ya mwanangu. Teke moja likanipata mgongoni, halafu wakaacha.

Radi hakuwa kati ya waliopiga. Alikuwa amesimama mlangoni, machozi yanamchuruzika.

"Mama, mwambie akane. Neno moja tu, nitawaondoa wote."

"Akane nini, baba?"

"Aseme hajui."

Chini yangu, kwa mdomo uliovimba kama andazi, Mwalimu akasema, "Mengi siyajui, kaka. Hili nalijua."

Jumatano asubuhi Radi akasimama juu ya jiwe lake, na safari hii hakuhubiri.

"Tumechoka kupigana," alisema. "Kesho watakuja watu wa kulitia jitu kwenye sanduku na kulibandika jina la mjusi. Sasa Mungu mwenyewe aamue leo. Nitatoboa matundu saba kuuzunguka mguu huu. Kama ni wa jitu lililoandikwa, Mungu ataulinda mbele ya macho yetu. Kama ni wa mnyama wa Mwalimu, uvunjike, turudi kazini, na mimi sitafungua mdomo tena."

Msimamizi alikubali upesi. "Ukivunjika ni kokoto," akaninong'oneza. "Usipovunjika, ni kokoto za wiki ijayo."

Matundu yalipokwisha kutobolewa, Mwalimu akaja akichechemea, kifua kimefungwa vitambaa, akasimama mbele ya mfupa na kuitanua mikono. "Mtanilipua nao!" Wanaume watatu wakamkamata. Alimuuma mmoja sikio, mwingine akamkanyaga kwenye mbavu zile zile mpaka akalegea. Wakamburuta hadi kwenye nguzo yangu ya reli, na aliyefunga kamba ni Radi mwenyewe. Alikaza fundo kwa goti. Alipomaliza akavua kofia yake ngumu, akamvalisha mdogo wake, akaifunga mkanda chini ya kidevu.

"Vaa hii. Mawe hayana adabu."

"Na wewe?" Mwalimu akamuuliza.

"Mimi nina wa kunilinda."

Nikamwita pembeni. "Baba, umeshakata tambi?"

"Nimekata."

"Zinapishana kiganja?"

Akakwepa macho yangu. Alikuwa hajawahi kuyakwepa tangu anyonye. "Zote sawa."

"Zote sawa? Umerogwa?"

"Kuta za ule mji wa kwenye Kitabu zilianguka kwa kelele moja, mama. Makuhani saba, tarumbeta saba, kelele moja. Imeandikwa hivyo, na leo nafanya hivyo. Nimezifunga ncha zake pamoja kama ufagio, nawasha mara moja."

"Na mimi nitahesabu nini?"

Akanishika mabega kwa upole. "Leo usihesabu, mama. Leo amini."

Sikilizeni niwaambie dhambi yangu, maana wengi huwa wanaisimulia hadithi hii na kuniruka. Ningekataa kupiga reli, baruti isingewashwa. Hiyo ndiyo sheria, na hata msimamizi asingethubutu kuivunja. Nilikuwa na nyundo mkononi na ulimi mdomoni. Niliwaogopa watu. Na, Mungu anisamehe, na mimi nilitaka kuona.

Nikapiga mara tatu.

Watu wakajificha nyuma ya lundo la vifusi. Mimi nikajibanza nyuma ya jabali, Mwalimu akiwa amefungwa pembeni yangu. Radi akawasha, akakimbilia shimo lake la kujifichia. Tambi zikazomea. Halafu ardhi ikaruka.

Miaka ishirini na mmoja nilikuwa sijawahi kusikia mlio kama ule. Haukuwa mlio wa mtoto, ulikuwa wa ukoo mzima. Mawe yalinyesha. Reli ikalia peke yake kwa kupigwa na kokoto. Nikachukua kokoto moja kutoka kushoto, nikaiweka kulia, na mkono ukaning'inia hewani. Kushoto zimebaki sita. Wamelia saba, au sita, au wanne? Sikio langu halikuwa na jibu. Sikuwahi kuwa kipofu, lakini nadhani hivyo ndivyo ilivyo.

Moshi ukapasuka, na mfupa ulikuwa umesimama.

Umesimama! Mzima, wima, ukuta umebomoka kushoto na kulia, wenyewe upo. Nyuma ya vifusi zikapanda kelele, vilio, watu wanaanguka kifudifudi. Na Radi huyoo, ametoka shimoni, kichwa wazi, mikono juu, anakimbilia mfupa. "Umesimama! Umesimama!" Watu wakaanza kuinuka wamfuate.

"Mama!" Mwalimu alikuwa anavuta kamba mpaka zinamchana. "Tazama chini ya mfupa, kulia! Ukuta wote umemeguka, pale haujameguka. Ndilo tundu linalotoka majimaji, nililiona niliposimama pale. La saba halijalia! Mfupa umesimama kwa sababu hiyo, mama, si nyingine!"

Nikatazama. Kweli. Kipande kile cha ukuta kilikuwa kimebaki peke yake kama jino kwenye ufizi.

Nikaikamata nyundo. Tatu! Tatu! Tatu! Watu wale walikuwa wamelelewa na reli hiyo. Miguu yao iliitii kabla vichwa havijafikiri, wakajitupa tena nyuma ya vifusi. Radi hakurudi. Alikuwa ameshaukumbatia mfupa, shavu lake limelala juu yake, anaimba.

"Radi! Toka, baba! Haijahesabika! Toka!"

Aliimba tu.

"Nifungue, mama," Mwalimu akasema.

"Nikufungue nikose wawili?"

"Sitafika pale. Nitasimama mbali nimtukane. Akiniona nimefunguka atatoka kuja kunipiga. Mama, si unamjua?"

Nilimjua. Na hapo ndipo nilipotegewa kitendawili kisichofaa kutegewa mzazi: mkono huu una mwana, mkono huu una mwana, fungua mmoja. Sikuwa na mji wa kutoa. Nikaiweka kamba kwenye ukingo wa reli nikaipiga nyundo, mara moja, mara mbili, ikakatika.

Alikwenda anachechemea, mkono umeshika mbavu. Alipofika nusu ya njia akasimama, akajaza kifua kilichovunjika.

"We Radi! Umekumbatia mjusi! Jitu lako lina mkia! Njoo unipige basi, si ndicho unachojua? Njoo, au ngumi zako zinaogopa mtu asiyefungwa?"

Radi akanyamaza kuimba. Akageuza kichwa. Niliuona uso ukibadilika kutoka mbali: ulikuwa uso wa mtu aliye mbinguni, ukawa uso wa kaka mtu. Akaokota mtaimbo, akaja.

Nikazihesabu hatua zake, maana ndicho kitu pekee kilichobaki cha kuhesabu. Moja. Mbili. Njoo, baba. Tano. Kasirika, kasirika zaidi, njoo. Kumi. Kumi na tano. Mama gani anaomba mwanawe azidi kukasirika? Kumi na tisa, akamfikia.

Mtaimbo ukashuka. Mwalimu akauinua mkono kujikinga, na mkono ukavunjika, mlio wake nikausikia pale nilipo, kama kuni kavu. Akaanguka. Radi akaupandisha mtaimbo mara ya pili, juu kabisa, kwa mikono miwili.

Ukagoma huko juu. Pua yake ikapanda.

Upepo ulikuwa unatoka ukutani. Nilijua ananusa nini, baba yake alikuwa ananusa hivyo hivyo: utambi ukiungua una harufu yake, kali, ya lami na chumvi, na fundi baruti anaijua kuliko harufu ya mkewe. Radi hakuutazama mfupa. Hakutazama juu. Aliutupa mtaimbo, akamwangukia mdogo wake mwili mzima kama mtu anayetupa godoro juu ya moto, akakifunika na kile kichwa chenye kofia kwa kifua chake.

Mtoto wa saba akalia.

Kokoto zilishanimwagika, lakini mkono wangu ulikwenda pajani kuhamisha moja wenyewe, bila mimi.

Sikungoja moshi. Sikujua kama wamebaki wengine ukutani, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu sikutaka kujua. Nikaingia. Jiwe lilikuwa limempata Radi kisogoni, kichwa wazi. Na chini ya bega la kushoto, kimesimama kama kisu kilichochomekwa kwenye mkate, kulikuwa na kipande cha mfupa, urefu wa kiganja, rangi ya chai iliyolala. Ukutani hapakubaki kitu. Jitu lilikuwa limesambaa machimbo mazima.

Nikakaa chini, nikamweka kichwa mapajani, mahali pa kokoto. Alikuwa bado anapumua, kwa kukoroma. Chini yake Mwalimu alikuwa analia anaita, "Kaka, kaka, nitoke nikubebe."

"Mama," Radi akasema. "Wamelia wangapi?"

Sikujua. Naapa mbele yenu wote, sikujua.

"Saba, baba. Wamelia wote saba."

"Basi piga moja. Watu watoke."

Nikampa Mwalimu kichwa cha kaka yake akishike kwa mkono wake mzima, nikarudi kwenye nguzo, nikapiga reli mara moja. Niliporudi alikuwa ameshakata roho.

Tulimwosha wanawake wanne, na mkunga alikuwa mmoja wao, hainui macho. Alitaka kukichomoa kile kipande. Nikamshika mkono. "Kiache," nikamwambia. "Amekitafuta, amekipata." Tukamzika Alhamisi asubuhi na mabuti yote mawili.

Msibani wengine walisema Mungu amehukumu, maana mfupa umevunjika. Wengine wakasema Mungu amehukumu kinyume chake, maana ulisimama kwanza. Walitaka kushikana mashati palepale kwenye mikeka. Mwalimu akaeleza, mkono umening'inizwa shingoni, kwamba tundu lilikuwa na maji, utambi ukalowa, ukawa unaungua polepole kama sigara, basi. Hakuna aliyempiga. Lakini nilimwona anaieleza mara ya pili, na ya tatu, mtu hajamuuliza, na machozi yanadondokea kwenye bandeji, nikamwambia, "Nyamaza sasa, mwanangu. Tumekuelewa."

Wataalamu wakafika mchana huo huo. Wakapiga kambi siku tisa, wakaokota vipande kimoja kimoja, wakavipanga juu ya turubai na kuvigandisha kwa gundi. Mwalimu alikuwa nao, anawaonyesha kila pembe. Mkubwa wao alikuwa mama mmoja wa makamo mwenye miwani, ana adabu. Siku ya mwisho alinifuata kwenye kokoto zangu akaniomba nije nione. Nikaenda. Mguu ulikuwa umelala chini mzima, mkubwa kuliko nilivyoukumbuka. Pembeni yake walikuwa wamepanga pingili kumi na moja walizozifukua. Pingili za mkia.

Katikati ya mguu kulikuwa na tundu.

"Bibi," yule mama akasema, "tumechekecha mpaka vumbi. Kimepungua kipande kimoja, kama kiganja hivi. Wewe ndiye unayeokota mawe hapa kila siku. Hujakiona?"

Nilimtazama Mwalimu. Mtu aliyepoteza jino kwa ajili ya neno moja, na mbavu, na mkono ambao mpaka leo haunyooki. Alikuwa anaangalia lile tundu. Umbo lake alilijua kuliko mtu yeyote, maana kile kipande ndicho kilichoishia kwenye mgongo uliomfunika.

"Nieleze, Mwalimu," yule mama akacheka kidogo. "Bibi hataki kusema."

Mwanangu akaliacha lile tundu, akamgeukia.

"Hatukijui," alisema.

Nikarudi kwenye nguzo yangu. Walikuwa wameshatoboa matundu mapya, na fundi baruti mpya alikuwa ananingojea. Nikamwomba anionyeshe tambi zake, nikazipima kwa kiganja changu mwenyewe, moja baada ya nyingine, mpaka ya saba.